Kondoo Sita Waliokuja Kumlaki Mgeni

Mgeni rasmi, Sista Hedwig Rehn wa Msalaba Mwekundu, Mheshimiwa Kapteni Zubarev, mkuu wa kambi, mabwana walinzi:

Karibu Aktala. Mkalimani wa kambi yu kitandani kwa homa ya chawa tangu juzi, hivyo tunasoma kwa Kijerumani chetu, na Kapteni, asiyekijua Kijerumani, atazipokea shukrani zetu kwa kututazama nyuso. Ndiyo maana tunatabasamu. Tafadhali nawe utabasamu, hasa penye machungu.

HISTORIA

Tulifika Turkestani tukiwa mateka wa Warusi, mwaka wa kwanza wa vita, watu elfu moja na mia moja. Leo tuko mia nane na sabini. Wenzetu wengine wamelala nje ya ukuta wa kaskazini, nao hawadai posho.

MAFANIKIO

Tangazo la ukutani lasema kila mateka apate kwa siku ratili mbili za mkate na robo ratili ya nyama. Limeandikwa kwa mwandiko mzuri, nasi tumelikariri.

CHANGAMOTO

Mpishi wetu ni Janko Hlavatý, aliyekuwa na bucha kwao Moravia. Mwezi wa pili alimwuliza mtunza ghala, "Bwana mkubwa, hivi huyu ngamia alikuwa na miguu mingapi? Wiki nzima ni kwato tu!"

"Wewe pika, acha kuhesabu."

"Nizipike au nizivae?"

Alipewa siku thelathini za chumba cha giza. Alitoka akijishikiza ukutani, mkanda ukimzunguka mara mbili.

Jana wakaletwa kondoo sita waliochinjwa, wanono, wakatundikwa jikoni. Tukadhani vita vimekwisha. Lakini Janko, anayekielewa Kirusi, alimsikia mtunza ghala akimwambia mwenye nyama, "Kesho mgeni akishaondoka tu, njoo uwachukue."

Leo alfajiri, walinzi walipokuwa wakikufagilia njia, Janko alishika shoka. Mtunza ghala alipoingia jikoni, kondoo wote walikuwa wanachemka.

"Nani kakuamuru, mwehu we?"

"Tangazo la ukutani, bwana. Robo ratili kila mtu. Nimepima, leo ndiyo mara ya kwanza imetosha."

Mtunza ghala akainua mkono. Hapo tarumbeta ya kukupokea ikalia, akaushusha, akakimbia kwenda kukupigia saluti.

MAOMBI

Kwanza, usiondoke kabla hatujala. Kaa, ule pamoja nasi, na utafune polepole.

Pili, Janko ni yule anayekoroga, mwenye kitambaa cha buluu kichwani. Hatuombi asamehewe, maana hilo lina maneno mengi. Tunaomba umpe mkono mbele ya wote, uandike jina lake daftarini, na kila mwezi umwandikie Kapteni kumwulizia hali. Ukiaga langoni, litamke kwa sauti: Janko Hlavatý. Jina halihitaji mkalimani.

Mungu akulinde njiani, awape mama zetu subira, na akurudishe Aktala upesi, hata bila kupiga hodi.

Ni sisi, mateka wa vita mia nane na sabini wa Aktala, Janko akiwemo.