Kandambili ya Mlimani: Mheshimiwa Nyongeza Akabidhi Kiti

Baada ya miaka ishirini na mitano bungeni, tarehe thelathini ya mwezi huu Mheshimiwa Nyongeza anakabidhi kiti, kipaza sauti na kitambulisho cha mlangoni. Miaka yote hiyo dereva wake alikuwa mmoja tu, nami ndiye huyo. Kwa hiyo mhariri wa jarida letu aliposema kwamba wasifu huu utaandikwa na mtu wa ofisi ya habari, nilimwambia huyo mtu hajawahi hata kumfungulia Mheshimiwa mlango. Akasema basi andika wewe, lakini mistari kumi. Nikamjibu kwamba lori la tani thelathini haliegeshwi kwenye banda la kuku. Shuleni sikukaa sana, lakini niliyoyaona nimeyaona kwa macho yangu mawili, na gari la Mheshimiwa sijapata kuligonga popote, isipokuwa kwenye lile geti ambalo lilijengwa vibaya.

Jina la Nyongeza alipewa na Spika. Bungeni kwetu mbunge huuliza swali, waziri hujibu, kisha mbunge huruhusiwa swali moja la nyongeza. Wenzake nyongeza waliifanya shukrani. Yeye uzito wote aliufunga huko mwisho, kama ng'e. Waziri akishajibu na kukaa na kuvuta pumzi, Mheshimiwa alisimama polepole akafunga kitufe cha koti. Kitufe kile kikifungwa, mawaziri waliohusika na mipaka, barabara na polisi walianza kutafuta glasi za maji.

Mambo ya mipaka na barabara hakuyajua kwa bahati. Kabla ya siasa alikuwa wakala wa kutoa mizigo mpakani, na mimi nilikuwa dereva wa masafa marefu, tena dereva hasa, si hawa wa siku hizi wanaorudi kinyumenyume kwa kuangalia kioo cha televisheni. Mawakala wengine walikaa ofisini wakitupigia simu. Yeye alikuja kwenye foleni kwa miguu, akajua nani ana mtoto mgonjwa na nani betri yake imekufa. Alipochaguliwa aliniambia, "Ndugu yangu, shuka kwenye hilo lori, kuna mzigo mwingine." Nikashuka. Mzigo wenyewe alikuwa yeye.

Wengi mnakumbuka suala la mizani. Mpakani palikuwa na mizani mbili, lori likipimwa hapa ni zito, likipimwa pale limekonda kama limetoka hospitali. Waziri alijibu kwamba tofauti hiyo ni ya kawaida, inatokana na joto. Kitufe kikafungwa. "Mheshimiwa Spika, kwenye mizani ya kwanza mimi ni mnene, kwenye ya pili ni mwembamba. Waziri anamshauri mke wangu ampikie yupi?" Mizani ikatengenezwa kabla ya kikao kwisha. Vyoo vya madereva pale mpakani pia ni kazi yake, ingawa wazo lilikuwa langu.

Mke wake, ambaye sisi wote tunamwita Mama, ndiye mtu pekee aliyemweza. Asubuhi moja nikiwa nasubiri barazani nilimsikia Mheshimiwa akiuliza, "Je, ni lini chai itakuwa tayari?" Mama akajibu kutoka jikoni, "Serikali inalitambua tatizo hilo, na mchakato uko mbioni." Mheshimiwa akajaribu nyongeza. Siku hiyo tuliondoka bila chai.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ule mlima wa kutokea mpakani, ambao madereva waliuita Shusha Mzigo. Lori lenye shehena hupanda pale kwa mwendo wa mgonjwa. Wezi waliruka nyuma, wakachana turubai, wakawa wanatupa magunia chini kwa wenzao. Dereva akisimama, anapigwa. Mwenzangu wa zamani, ambaye tunamwita Breki kwa sababu hakuwa nazo, alisimama. Walimvunja mkono na taya. Mheshimiwa alikwenda kumwona wodini, na mbele yangu akamwahidi kwamba pale juu kitajengwa kituo cha polisi. Breki hakuweza kuongea, akamwonyesha kidole gumba cha mkono uliobaki. Tangu siku ile Mheshimiwa aliubeba mlima ule kama deni la kaburini.

Kwanza alidai magari yapande kwa msafara wenye askari. Serikali ikakubali. Naye kwa kukolea akasimama akaongeza: pasipite gari hata moja bila msafara, bila kujali cheo cha mwenye gari! Bunge zima likapiga meza. Mimi nilikuwa kwenye jukwaa la wageni nikasema moyoni, mzee, hilo neno litakuja kutuketisha mahali.

Likatuketisha. Ilikuwa siku ya swali lenyewe la kituo cha polisi. Siku moja kabla yake tulikwenda mpakani ili asikie hali kwa masikio yake, na alfajiri tukaanza kurudi. Chini ya mlima tukakuta kizuizi, malori yamepangana kama shanga, na gari la polisi la kusindikiza limekaa juu ya mawe, halina hata tairi moja. Konstebo aliyekuwapo alikuwa mwembamba, filimbi yake nzito kuliko yeye. Nikateremka kifua mbele. "Afande, unamjua aliyemo humu?"

"Namjua sana," akasema. "Ndiye aliyesema bila kujali cheo."

Hapo muelewe jambo moja. Bungeni kwetu swali likiitwa na mwenye swali hayupo, swali limekufa, na hufufuliwa mwakani kama kuna uhai. Breki alikuwapo kwenye foleni ileile, mkono umepona, lori lake limejaa unga, na habari ya swali alikuwa nayo. Konstebo alipoona uso wa Mheshimiwa akalainika, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, piteni tu, nitaangalia pembeni." Nami mguu ulikuwa tayari kwenye mafuta. Mheshimiwa akasema hapana. Nikipita mimi nikawaacha hawa, akasema, nitasimama bungeni nimuulize nani?

Akaanza kumhoji konstebo. Sheria inataka gari la polisi, au inataka askari? Inataka askari. Askari ni nani? Ni mimi. Unaweza kupanda lori? Naweza. Konstebo akapandishwa lori la mbele. Lakini askari mmoja hawezi kutazama mbele na nyuma, na wezi hupandia nyuma. Nani atakaa nyuma, kwenye lori la mwisho, la Breki, lililobeba unga? Madereva wakaangalia viatu vyao. Mimi ningejitolea, ila gari lazima liwe na dereva. Tulipogeuka, Mheshimiwa alikuwa ameshavua viatu, yuko kwenye ngazi ya lori, koti na tai mwilini.

"Mzee, shuka, utavunjika!" Breki akapiga kelele.

"Wewe ulivunjika peke yako," akajibu. "Leo tuko wawili. Washa gari."

Tukapanda. Mimi nilikuwa nyuma yao, kwa hiyo ushahidi huu ni wangu na haupingwi. Kwenye kona kali kuliko zote mtu aliruka kutoka kichakani, akadaka ngazi, akapanda kama kima. Akachana turubai. Kisu kikapita mpaka kwenye gunia, unga ukamwagika wote ndani. Na ndani ya lile tundu kikatokea kichwa cheupe pee, macho mawili, tai, na sauti ya bungeni ikasema, "Je, una kibali?"

Yule mwizi alilia jina la mama yake. Aliruka kabla ya kufikiria, na nikamsindikiza kwa honi mpaka akapotea bondeni. Nyuma aliacha kandambili moja, ya mguu wa kushoto, imenasa kwenye ngazi. Waliosema kwamba mwizi alimkimbia Mheshimiwa wako sawa, lakini ile honi nayo ilifanya kazi yake.

Juu ya mlima msafara ukaachana, Mheshimiwa akarudi garini na ile kandambili mkononi, na mwendo niliouendesha kutoka pale sitauandika kwa sababu polisi wanasoma jarida hili. Mbele ya mlango wa bunge nilimmwagia maji ili kumsafisha. Unga ukawa gundi. Wapo wanaosema kosa lilikuwa langu. Mimi nasema unga ule ulikuwa mzuri mno. Bawabu alimkatalia mlango mpaka alipomtambua kwa kile kitufe.

Aliingia swali lake linaitwa. Waziri, bila kuinua macho kwenye karatasi, akajibu kwamba hali ya mlima ni shwari, magari ya kusindikiza ni mazima, na hakuna haja ya kituo. Kisha akainua macho. Mheshimiwa alikuwa amesimama kama sanamu ya plasta iliyojiondokea makumbusho, anafunga kitufe kinachodondosha unga.

"Mheshimiwa Spika, kama hali ni shwari, Waziri aniambie: hii kandambili ni ya nani?"

Spika aligonga nyundo mpaka akachoka, kisha naye akainamia meza, mabega yanatikisika. Waziri aliagizwa aende mlimani mwenyewe, tena kwa msafara. Akaenda, akakuta gari bado liko juu ya mawe. Kituo kikajengwa, chenye taa, gari lenye tairi nne na askari wa zamu. Msafara ukafutwa. Breki aliendesha njia ile mpaka alipochoka kwa hiari yake, mifupa yote mahali pake.

Wiki iliyopita nilimpeleka Mheshimiwa mpakani kuaga madereva. Pale kituoni tukasimamishwa na askari wa kike, kijana wa kuweza kuwa mjukuu wangu. Akataka buti ya gari ifunguliwe. Mheshimiwa akashusha kioo, nikauona mkono ukienda kwenye kitufe. "Binti, je, ni kwa nini gari hili..."

"Babu," akamkata, "hapa maswali tunauliza sisi."

Nikataka kumwambia anaongea na nani. Mheshimiwa akanibana bega. Akashuka, akafungua buti mwenyewe, akajibu yote: anatoka wapi, anakwenda wapi, amebeba nini. Binti akainua kitu kilichokuwa chini ya jeki. "Na hii kandambili?"

"Ya mtu aliyepita hapa zamani. Hajarudi kuichukua."

Binti akaigeuza, akamtazama. "Na ya pili iko wapi?"

Mheshimiwa alicheka mpaka akashika gari. Swali la nyongeza, na jibu hana! Akafungua kitufe cha koti, akarudi kukaa. "Twende nyumbani," akaniambia. "Mlima umepata mtu."

Mheshimiwa, asante kwa niaba ya madereva wote, hasa walio hai kwa sababu yako. Sisi wa maegesho tunakuombea siku nyingi zisizo na foleni, afya isiyoyumba kwenye mizani yoyote, na Mama akikujibu kwamba chai iko mbioni, nakuomba kama ndugu: usiongeze.