Mikono ya Mkasi Ilikuwa na Kazi

Siku hiyo benchi letu nje ya duka la dobi lilijaa mapema, maana Mkasi, kinyozi wetu, alikuwa ametoka kwenye baraza la kesi za nyumba na ushindi. Chumba chake cha kunyolea, alichokaa miaka kumi na minne, kinabaki chake mwaka mwingine mzima. Mwenye nyumba alikitaka ampe binti yake aliyehitimu ushonaji, akaambiwa asubiri. Mimi fundi saa sijawahi kushinda kesi yoyote, lakini asubuhi ile nilijiona mshindi, na kahawa ya kwanza nikanunua mimi.

Hakimu, ambaye hajahukumu hata kuku bali alikuwa tarishi wa mahakama, alitusomea kile kifungu cha mkataba kwa mara ya tatu. Notisi ya kuhama ilitakiwa ikabidhiwe mkononi mwa mpangaji, mwezi mmoja kabla ya mkataba kwisha. Isipokabidhiwa hivyo, mkataba unaendelea mwaka mwingine.

— Na mkononi hakunipa, alisema Mkasi. Mikono yangu ilikuwa na kazi.

Kazi yenyewe tuliishuhudia. Mwenye nyumba ni mtu wa adabu, hamkatizi mtu akiwa kazini. Kila Jumamosi huja kunyolewa ndevu, na Jumamosi nne mfululizo kabla ya muda wa notisi kwisha alikuja na bahasha kwenye mfuko wa shati. Mkasi alimwahi mlangoni, akamketisha, akamfunika shuka mpaka shingoni, na bahasha ikafunikwa humo humo. Akimaliza, mzee hajajifuta hata povu, Mkasi keshashika kichwa cha mteja mwingine. Jumamosi ya mwisho kichwa hicho kilikuwa changu, na mimi nina upara. Mzee alituangalia, akaiweka bahasha mezani, akaaga vizuri.

— Mezani si mkononi, alisema Hakimu. Wangetaka mezani wangeandika mezani.

Tulicheka mpaka benchi likalia. Mama Kahawa peke yake hakucheka.

— Ulijua kilichomo kwenye bahasha?

— Nilijua, mama.

— Sasa si ulipewa?

Tukamwambia amimine kahawa, mambo ya sheria atuachie sisi. Hakimu alifafanua kwamba kujua ni kitu kimoja na kupokea ni kingine, na mahakama haijawahi kumfunga mtu kwa kosa la kushika kitana. Dobi akanogewa. Alisema kuanzia leo mkewe akimtuma dukani ataendelea kupiga pasi, na orodha isipotua kiganjani, chumvi hainunuliwi. Mimi nikasema basi hata uzee utanikuta nimeshika bisibisi, na utabidi urudi ulikotoka.

— Huo uzee ni mdogo, alisema Hakimu. Mimi hata malaika wa kutoa roho akija na karatasi yake, atanikuta na kikombe mkono huu na kikombe mkono huu. Nitaishi mpaka mchoke kuniona.

Mkasi alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha vile, na nakiri nilimpenda kwa ujanja wake. Mtu mnyonge akishinda, mtaa mzima hupumua.

Hapo akatokea binti wa mwenye nyumba, futi ya kupimia nguo bado imening'inia shingoni. Mkasi kumwona tu, akanyakua kikombe changu akaongeza kwenye chake, mikono yote miwili ikajaa. Binti hakuwa na karatasi yoyote.

— Shikamooni.

— Marahaba, tuliitikia, wengine kwa sauti ya chini.

Dobi alimsogezea nafasi, naye akashukuru, akasema hakai. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotutia wasiwasi. Alimgeukia Mkasi, akamwita mjomba, kama alivyomwita tangu akiwa mtoto wa kunyolewa upara kwenye kiti kile kile.

— Mjomba, baba ameniagiza nikuulize. Jumamosi aje kunyolewa kama kawaida?

Tukamtazama Hakimu. Hakimu akafungua mkataba, akaufunga. Mkasi alikuwa bado na vikombe viwili mikononi. Binti aliendelea kusimama pale, anasubiri jibu ampelekee baba yake.