Risala ya Tawi la Kwanza: Mama Kapime na Matawi Tisini

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wa kampuni yetu. Mameneja mliofuatana naye. Meneja wa tawi letu. Wateja wetu na wafanyakazi wenzetu:

UKARIBISHO

Karibu nyumbani. Tunasema nyumbani bila kujipendekeza, maana sakafu hii uliyoikanyaga marehemu baba yako aliifagia kwa mkono wake, na wewe mwenyewe ulitambaa juu yake katikati ya ndoo za rangi. Leo kampuni imefikisha matawi tisini, na katika hayo yote umechagua kuja kusherehekea hapa, kwenye tawi dogo kuliko yote. Tumefurahi mpaka meneja wetu amevaa tai.

Tuna furaha, na tuna jambo. Mwenzetu mmoja ameitwa mbele ya kamati ya nidhamu Jumatatu, na huenda akapoteza kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mmoja. Tunaomba utuvumilie hadi tulifikie.

TULIKOTOKA

Kampuni hii ya vifaa vya ujenzi ilianza na chumba kimoja, mizani ya kupimia misumari na ngazi moja. Ngazi yenyewe ilikuwa ya kuuza, lakini kila asubuhi ilitumika kutundikia kibao cha duka, kwa hiyo haijanunuliwa na mtu hadi leo. Mwajiriwa wa kwanza alikuwa binti wa seremala, ambaye sasa sote tunamwita Mama Kapime.

Jina alilipatia hapa hapa. Wateja wa milango wana tabia moja: mtu huitanua mikono mbele ya mlango wake nyumbani, kisha huja nayo hivyo hivyo njia nzima, akiogopa hata kujikuna. "Upana ni hivi hapa!" Siku yake ya kwanza kazini, Mama Kapime alimuuzia mtu mlango kwa kipimo cha mikono. Mchana ule ule mlango ukarudi. Baba yako hakumgombeza. Alimpa futi kamba yake, ile ya chuma inayojikunja yenyewe, akamwambia, "Mwanangu, mtu akija na mikono, mwambie akapime kwanza. Mlango hauna haraka." Tangu siku hiyo hajauza mlango bila kipimo.

TULIYOYAONA

Mwaka huu ulitupeleka kuiona bohari kuu. Mgeni rasmi, tulipigwa na butwaa. Fundi wetu wa mabomba aliamua kuhesabu hatua kutoka mapokezi hadi rafu ya mwisho ya vigae. Alipofika mia tisa hesabu ikampotea kwa sababu alikuwa akitazama juu. Magari ya kunyanyulia mizigo yalipishana penye nafasi finyu bila kugusana. Mtu alibonyeza tarakimu, na kutoka kwenye rafu ndefu kuliko nyumba ya ghorofa mbili ikaletwa bawaba moja, ile ile aliyoitaka. Malori hamsini huondoka hapo kila siku, na kila moja limepangwa kwa namna ambayo kitakachoshushwa kwanza kiko mlangoni. Sisi tuliozoea kutafuta koki ya nusu inchi kwa tochi, tumepiga magoti chini ya kaunta, tulivua kofia bila kuambiwa.

Aliyestaajabu kuliko wote alikuwa Mama Kapime. Alishika nguzo ya rafu kwa viganja vyote viwili, machozi yakamlengalenga.

"Mzee angeyaona haya!" alisema. Kisha akamgeukia mhandisi aliyekuwa akitutembeza. "Mwanangu, mashine hii inajua kila kitu?"

"Kila tulicho nacho, mama. Mpaka skrubu."

"Na ukuta wa mteja inaujua?"

Mhandisi akacheka, akajikuna kichwa. "Huo haumo kwenye mfumo, mama."

"Haya basi," akasema, "kazi yangu bado ipo." Tulirudi tukiimba ndani ya basi.

CHANGAMOTO

Mwezi uliofuata ukaja waraka: mteja asitoke mikono mitupu. Mfumo sasa unaandika kila mteja aliyehudumiwa akaondoka bila kununua, pamoja na jina la aliyemhudumia. Mama Kapime ana watatu, na ndiyo maana ameitwa Jumatatu.

Wa tatu alikuwa kaka mmoja aliyetaka mlango mpana, ili kiti cha magurudumu cha mama yake kiweze kupita. Alikuja na mikono, kama kawaida. Mama Kapime akamwambia, "Kaka, hiyo mikono imechoka, na ikichoka inasogeleana. Kapime kwanza." Kaka akanuna, akaenda zake. Kesho yake alirudi na kipimo, akanunua mlango, bawaba, kitasa na rangi, na mama yake anaingia na kutoka bila kugusa popote. Mfumo uliandika kwamba siku ya kwanza Mama Kapime alipoteza mteja. Siku ya pili ukamsifu mwenzetu keshia, ambaye hadi leo anaona aibu kumtazama usoni.

Hatubishani na waraka. Tunaeleza tu kwamba Mama Kapime alipokwenda likizo wiki mbili, tuliufuata neno kwa neno, na stoo yetu ya vilivyorudishwa sasa ina milango ishirini na mitatu. Ukipenda kuiona, itabidi uingie kwa ubavu.

MAOMBI

Tunaomba viatu vya kazi vyenye ncha ngumu, kwa kuwa vigae havina huruma. Tunaomba kiti kwa ajili ya keshia. Tulikuwa tumeandika na feni, tukaifuta ili ombi hili lipate nafasi: Mama Kapime asifukuzwe, na mfumo unaojua kuhesabu mpaka skrubu ufundishwe kungoja siku chache kabla ya kusema mteja amepotea.

HITIMISHO

Risala hii tumeiandika sisi wenzake ishirini na sita. Tulipotafuta msomaji, sote tulimtaja mtu mmoja. Alikataa mara mbili, akataka tuondoe habari zake. Tukamwapisha asome yote bila kuruka mstari. Ndiye huyu aliyesimama mbele yako, na kilichotuna mfukoni mwake ni futi kamba ya baba yako.

Mwenyezi Mungu akuzidishie afya na maarifa, na kila mlango uliotoka katika matawi yako tisini ufunguke na kufungwa bila kukwaruza sakafu.

Kwa kawaida risala ikishasomwa hukabidhiwa mgeni rasmi. Tafadhali pokea karatasi hii kutoka mkononi mwake. Futi kamba tunaomba umwachie.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Tawi la Kwanza