Mihogo ya Pagale la Boko

Kijiwe chao kipo Buguruni, nyuma ya soko, pale ambapo ukuta wa nyumba ya Bi Chausiku hutoa kivuli kuanzia alasiri. Benchi ni mbao mbili zilizowahi kushikilia zege la ghorofa la mtu mwingine, na saruji imezigandia mpaka leo. Ukikaa vibaya inakukwaruza, ikukumbushe kwamba wapo wanaojenga. Mashaka muuza kahawa huweka jiko lake kando, birika juu ya makaa, vikombe ndani ya ndoo. Mzee Jabiri hukalia ncha ya benchi iliyo karibu na moto. Wanamwita Hatimiliki, kwa sababu mazungumzo yoyote, hata ya mpira, humfikisha kwenye kiwanja cha babu yake. Brightson, dereva wa bodaboda, ni Injinia, tangu siku alipobeba maboksi ya marumaru toka Kariakoo bila kuvunja hata moja. Na Leodegar, mwalimu wa shule ya msingi, mpangaji wa Bi Chausiku, ni Finishi. Ukimuuliza nyumba yake ya Boko imefikia wapi, jibu lake halijabadilika miaka yote: imebaki finishi tu.

Siku hiyo Finishi alifika na sufuria mkononi na bahasha kwenye mfuko wa shati. Sufuria ilikuwa na mihogo ya kuchemsha, bado inatoa mvuke. Bahasha ilikuwa na kodi ya miezi sita, na kila alipoinama ilimgusa kifua.

— Shikamoo, Mzee Jabiri.

— Marahaba, Mwalimu. Hiyo sufuria naiona. Uso wako ndiyo siuoni, umeuficha wapi?

— Bi Chausiku kapandisha kodi, alisema Finishi. Anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na jibu anataka leo kabla ya magharibi. Nikichelewa, anasema, asiyejibu ameshajibu.

— Na unayo? aliuliza Brightson.

Finishi aligusa mfuko.

— Ninayo. Ila hii nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya madirisha ya Boko. Nikimpa Bi Chausiku, madirisha yanasubiri tena. Nisipompa, mie na mke wangu Atuganile na mtoto tunatoka. Nimekuja mnishauri.

Lilikuwa kosa, na alijua ni kosa hata kabla hajamaliza sentensi. Kijiweni ukiomba maji unaletewa mafuriko.

Mashaka alimimina kahawa. Mzee Jabiri alichukua kipande cha muhogo, akakichovya kwenye chumvi na pilipili, akatafuna taratibu kama hakimu anayesoma jalada.

— Tatizo lako, Mwalimu, unataka kujenga kwa mshahara, alisema. Mshahara si wa kujengea. Mshahara ni wa kuusindikiza mwezi mpaka mlangoni, basi. Unaupungia mkono, unarudi ndani.

— Lakini haba na haba, mzee wangu, hujaza kibaba.

— Kibaba, ndiyo. Umesikia wapi haba na haba hujaza kiwanja? Babu yangu mie, kiwanja chake kilianzia hapa kwenye jiko la Mashaka kikaenda mpaka huko relini...

— Hatimiliki keshafika kwa babu! Brightson alipiga kofi. Leo kawahi!

— Nyamaza wewe. Nilikuwa nasema, babu hakuwa na mshahara. Ndiyo maana alikuwa na nyumba.

— Na nyumba yenyewe leo mmo wangapi, mzee? Si mnalala kwa zamu?

— Ni ya mirathi, alijibu Mzee Jabiri kwa heshima kubwa, akachukua muhogo mwingine.

Brightson alisogea mbele, na Finishi akajua zamu ya Injinia imefika.

— Mie nimelichunguza hili jambo kitaalamu, braza. Saruji ina masikio. Nakwambia! Nyongeza ya mshahara ikitangazwa asubuhi, mchana mfuko umeshapanda bei. Mwalimu mwenyewe hajapata habari, saruji imeshapata. Nani kaiambia?

— Wenye maduka wana redio, alisema Mashaka.

— Redio! Sasa dawa yake ni moja: tukae kimya. Serikali ikiongeza, iongeze kwa kunong'ona. Mwalimu anaitwa pembeni, ananong'onezwa sikioni. Saruji haisikii, yeye anajenga.

— Hilo halitafaa, alisema Mzee Jabiri. Mie nina lililo bora. Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa wewe unatafuta nini, si ukuta? Basi acha kuziba nyufa! Kuta zitakuja zenyewe.

Mashaka alicheka mpaka makaa yakarusha cheche. Finishi naye alicheka, akashangaa kujisikia anacheka. Hilo ndilo lilikuwa deni lake kwa benchi hili, deni lisilodaiwa. Alipofika Dar kutoka bara, na sanduku moja na barua ya ajira, watu wa kwanza kumwita kwa jina walikuwa hawa. Mtoto alipozaliwa, Brightson ndiye aliyemkimbiza Atuganile hospitali kwa bodaboda akagoma kupokea nauli. Ushauri wao haukuwahi kumsaidia hata mara moja. Wao wenyewe walimsaidia kila siku.

— Nyie mnacheza, alisema Brightson, ambaye sasa alikuwa amesimama. Ishu ni ardhi. Ardhi ya juu yote ina wenyewe. Ila je, ya chini? Nani kapima ya chini? Wapimaji wanapita juu na vigingi vyao, wanaondoka. Mie ningekuwa Mwalimu, ningechimba. Chumba, sebule, jiko, vyote chini. Juu unapanda mchicha. Mwenye nyumba akija anauliza, we unaishi wapi? Unamwambia, naishi mchichani.

— Na masika?

— Masika ndiyo maji ya bomba hayo, ya bure!

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, aliunga mkono Mzee Jabiri. Wahenga walishaliona hilo la kuishi chini.

— Ndugu zangu, alisema Finishi, akiangalia jua lililokuwa limeanza kulegea juu ya mabati ya soko. Magharibi inakuja. Nataka kauli moja tu. Nikimnyima Bi Chausiku, naweza kuhamia Boko vilevile ilivyo?

Hapo utani ulikatika. Wote watatu walimtazama kama mtu aliyetaja kulala barabarani.

— Vilevile ilivyo? Pagale? alisema Brightson. Bila madirisha?

— Nondo zipo. Vioo ndiyo hakuna.

— Sakafu?

— Ya zege, haijasawazishwa.

— Dari?

— Unayaona mabati.

— Umeme?

— Nguzo imefika kwa jirani.

— Mwalimu, alisema Mzee Jabiri, na sauti yake sasa ilikuwa ya baba. Mie nakupenda, kwa hiyo nakwambia kweli. Mtu mzima hahamii pagale. Mwalimu hahamii pagale. Wanafunzi wako watasikia, wazazi watasikia. Utamfundisha nani hesabu, wakati nyumba yako mwenyewe haijakamilika? Pagale halikaliki. Lipa kodi. Mungu akijalia, mwakani utaweka vioo.

— Halikaliki kabisa, alisema Brightson. Kitaalamu, halikaliki.

Hata Mashaka, ambaye kazi yake ni kumimina tu, alitikisa kichwa.

Finishi hakushangaa. Maneno hayo alikuwa ameyasema yeye mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, kila Atuganile alipomwambia, mume wangu, tuhame. Nyumba ilikuwa na picha kichwani mwake: vioo vya buluu, dari nyeupe ya jipsamu, marumaru yanayong'aa mpaka unaona miguu yako. Siku atakapoingia, aliapa, ataingia kwenye picha hiyo. Na kila mwaka picha ilimsubirisha. Alitia mkono mfukoni, akatoa bahasha, akaanza kuinuka kwenda kwa Bi Chausiku.

— Hodi jamani. Asalaam aleikum.

Alikuwa msichana wa umri wa kuanza kazi, mtandio wa kijani, begi la mgongoni limejaa.

— Waaleikum salaam, alijibu Mzee Jabiri. Karibu, binti.

— Shikamoo. Naitwa Nusaiba. Dalali kaniambia nimsubiri hapa kijiweni, anakuja kunionyesha chumba na sebule kwa Bi Chausiku. Anasema aliyepo huenda akahama leo.

Bi Chausiku hakuwa ametania. Finishi alibaki nusu amekaa, nusu amesimama, bahasha mkononi.

— Aliyepo ndiye huyu, alisema Brightson. Ila bahati mbaya, sista, hahami. Ana nyumba Boko, lakini haikaliki.

— Poleni. Nitasubiri dalali hivyohivyo, nimwambie anitafutie pengine.

— Kaa basi, alisema Finishi. Ule muhogo, unaonekana umetembea.

Nusaiba alikaa, mbao ikamkwaruza, akasogea. Alionja muhogo, akafumba macho kidogo.

— Huu mtamu! Unayeyuka. Wa sokoni hapa?

— Wa wapi sokoni! alisema Mzee Jabiri kwa majivuno, kana kwamba kaulima yeye. Huu wa Boko, shambani kwa Mwalimu. Kila wiki Albano anatuletea. Tena siku nyingine na mayai ya kienyeji.

— Albano ndiyo nani?

— Mlinzi wa pagale. Mwalimu kamweka pale, bure, asilipe kodi, ili watu wasiibe mbao na nondo. Ndiyo desturi siku hizi, usipoweka mtu utakuta msingi tu.

— Analala wapi?

— Humohumo ndani.

— Peke yake?

— Ana mke, alisema Finishi. Loveness. Na watoto wao. Mdogo kazaliwa hapohapo.

— Toka lini?

— Toka tulipoezeka.

Nusaiba alitafuna, akameza, akafuta vidole. Hakuwa na ubishi usoni. Alikuwa mtu anayetafuta chumba, na kitu kimoja hakikumwingia akilini.

— Sasa nyie mnasema halikaliki. Wao wanakaaje?

Mzee Jabiri aliangalia muhogo mkononi mwake kama ameuona leo kwa mara ya kwanza. Aliwatafuta wahenga, na wahenga wote walikuwa wametoka. Mashaka aliinua birika aokoe hali, likatoa tone moja, likakoroma.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Finishi alikaa. Aliiona Boko, si ile ya picha, ile yenyewe: kanga ya Loveness imening'inia dirishani badala ya kioo, na mtoto anatambaa kwenye zege lisilosawazishwa, anacheka. Alikuwa amekwenda pale mara ngapi, akasimama mlangoni, akaangalia kisichokuwepo?

Alitoa simu, akapiga. Sauti ya Albano ilikuwa ya juu, upepo nyuma yake, kuku nyuma ya upepo, na kijiwe kizima kikaisikia.

— Shikamoo, Mwalimu!

— Marahaba, Albano. Hamjambo huko? Nimekupigia jambo moja. Tunataka kuhamia. Jumamosi hii.

Upepo ulivuma kwenye simu. Kisha sauti ikarudi, ndogo.

— Sawa, Mwalimu. Ni kwenu. Sisi... tutoke lini?

Brightson aliinamisha kichwa.

— Mtoke mwende wapi? Wewe umenitunzia nyumba, mie nikutoe? Vyumba vya nyuma ni vyenu, mpaka siku utakaposema mwenyewe kwamba umepata pako. Nauliza tu kama tutaenea. Sie tutajibana popote.

— Mtaenea, Mwalimu. Mbona chumba cha mbele kipo.

— Kile chenu cha kulala?

— Hapana. Hatujawahi kulala mle. Tulisema kile kikubwa ni cha mwenyewe, anaweza kuja siku yoyote. Loveness anakifagia kila Ijumaa. Mlango nimeufunga kwa kamba, kuku wasiingie. Njooni tu, Mwalimu. Tumewasubiri sana.

Finishi alisema asante. Akasema tena asante, mpaka Albano akauliza kama mtandao unakwama.

Alipokata simu, alirudisha bahasha mfukoni, akaigonga mara moja kwa kiganja.

— Binti, alimwambia Nusaiba, twende kwa Bi Chausiku, mie mwenyewe nitakutambulisha. Ni mkali kwenye kodi, lakini mke wangu alipojifungua alimpikia uji siku zote alizokuwa ndani. Mshukuru mapema, usingoje kuhama kama mie. Dirisha la nyuma linagoma. Lisukume kwa juu.

— Sasa Jumamosi mizigo inakwendaje? aliuliza Brightson, akijifuta jicho kama lina vumbi. Namjua jamaa mwenye kigari cha kirikuu. Mie natangulia na kitanda kwenye bodaboda. Inawezekana, kitaalamu.

— Sie wote tunakwenda, alisema Mzee Jabiri. Mashaka, beba birika. Mwalimu, ila nakuomba kitu kimoja.

— Sema, mzee wangu.

— Hayo marumaru yako, usiweke haraka. Mie huwa nateleza.