Halua Aliyoirudisha Sista Brígida

Baada ya miaka thelathini na sita ya kulinda mlango wa monasteri yetu hapa Sevilla, Sista Brígida de Arjona anakabidhi funguo leo, sikukuu ya Mtakatifu Klara, mwaka 1638. Tangazo la Mama Mkuu linasema anastaafu kwa uchovu. Uchovu! Juzi tu alibeba gunia la ngano ambalo mimi, mdogo wake kwa miaka ishirini, nilishindwa hata kulisogeza.

Kwenye kile kisanduku chake kinachozunguka ukutani, tunachopokelea vitu vya nje bila kuonana macho, alipitisha dawa, nyuzi, hata kuku hai wa shangazi yangu, aliyeingia kakasirika kama Brígida mwenyewe. Ila mwezi wa kumchagua Mama Mkuu, zawadi haipiti. Mwaka mmoja shangazi alirudishiwa mayai yake, nami nikanuna wiki nzima.

Mwezi uliopita ndugu za Sista Leocadia, aliyekitaka cheo cha Mama Mkuu, walileta sinia la halua ya lozi, eti kwa ajili ya wagonjwa. Brígida akazungusha kisanduku, sinia likarudi nje. Likaletwa tena, akalirudisha tena. Ndipo Padre Fulgencio, mwungamishi wetu, akaja dirishani na kitabu kwapani.

"Binti yangu, dhambi ni zawadi kuwa bei ya kura. Hii si bei. Inaamsha upendo tu."

"Basi, Padre, wailete kesho yake, kura zikishapigwa. Upendo hauchachi."

"Wewe bawabu unabishana na wanateolojia?"

"Nabishana na sinia, Padre."

Padre akaipitisha halua sakristia, chumba cha mavazi ya misa, asikolinda Brígida. Hatukuwa na mgonjwa hata mmoja; siku hiyo, ili tuionje, tukaugua karibu sote. Mimi nilikula vipande vinne, na nilipompigia Leocadia kura, vidole vilikuwa bado vinanata.

Alishinda kwa kura moja. Nimeihesabu mara nyingi, na kila mara ni yangu. Amri yake ya kwanza ilikuwa kuzichukua funguo za Brígida.

Mama Mkuu ameagiza wasifu huu uwe mtamu, usomwe mezani. Anisamehe. Utamu nilikwisha kuula.

Ahsante, Sista Brígida, kwa miaka thelathini na sita ya kutunyima. Upumzike kwa amani na afya, na hasira yako usiipumzishe. Tutachagua tena baada ya miaka mitatu. Siku hiyo nitaingia na tumbo tupu.