Mbaazi Kumi na Mbili za Mwalimu Duvi

Baba Padri, majirani, walimu mliofanya kazi na marehemu, na nyinyi mliowahi kukaa kwenye mkeka wake mkiwa na miaka mitano na leo mna mvi, poleni kwa msiba na poleni kwa jua. Aliyepaswa kusoma haya ni kaka yangu Leonte, maana ndiye mkubwa na ndiye mwenye sauti, lakini ndege yake inafika kesho, nasi hapa Los Limones hatumkalishi marehemu siku mbili, kwa hiyo nasoma mimi Nereida, mtoto wa pili, nami nimechoka, mtanisamehe nikijikwaa.

Mama yetu, Eduvigis Rosario Paulino, ambaye nyote mlimwita Mwalimu Duvi, alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1949 katika nyumba ya mbao iliyokuwa nyuma ya kanisa hili, akiwa mtoto wa sita kati ya tisa wa mzee Hipólito Rosario, mkulima wa mihogo na tumbaku, na mkewe Casimira, akapewa jina la mtakatifu aliyekuwa kwenye kalenda siku ile, jina ambalo hakulipenda hata siku moja.

Alianza shule mwaka 1957, akichelewa kidogo, kwa sababu viatu vilikuwa jozi moja na wasichana walikuwa wawili, yeye akivivaa asubuhi na dada yake mchana, na alizoea kusema kwamba hesabu hakufundishwa darasani bali jikoni kwa bibi yake, wakichambua mbaazi na kubishana nani ana nyingi. Alihitimu chuo cha ualimu huko Santiago tarehe 30 Juni 1971, na Septemba hiyohiyo akaanza kazi katika shule yetu, darasa la nne.

Mwaka 1979 alipewa chekechea, kazi ambayo wenzake waliiita ya kufuta makamasi, akaishika hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011. Huko ndiko alikoona jambo lililomnyima raha maisha yake yote, kwamba mtoto anahesabu mpaka mia kama kasuku, lakini ukimwambia alete vijiko vitatu anakuletea rundo zima. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba wazazi wacheze na watoto wao, wapange sahani pamoja, wahesabu ngazi, watafute soksi zinazolingana, nanyi, msinikasirikie, mlimwitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, kisha mkamuuliza mbona daftari la mtoto halina kitu.

Ndipo mwaka 1983 akaanzisha mifuko. Kila Ijumaa kila mtoto alirudi nyumbani na kimfuko cha kitambaa chenye mbaazi kavu kumi na mbili, na agizo moja, kwamba mzazi acheze naye dakika kumi, mmoja afunike baadhi ya mbaazi kwa kikombe, mwingine aangalie zilizobaki nje na kusema zilizofichwa ni ngapi, na mfuko urudi Jumatatu. Sasa nyote mnajua kwamba kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Doña Chea, ambaye yuko hapa mstari wa mbele na alijua kabisa kwamba nitalisema hili, alidhani mwalimu amemgawia chakula, akaona haya kuzikataa mbaazi kumi na mbili, akazitia chunguni pamoja na zake, na Jumatatu akaurudisha mfuko juu ya sahani ya wali wa mbaazi iliyofunikwa kitambaa safi, na shukrani nyingi. Wengine walirudisha mifuko ina kahawa, mmoja vitunguu saumu, mmoja yai, ambalo halikufika zima. Hakuna hata nyumba moja iliyocheza. Mama aliula ule wali, akausifu, kisha jioni akaenda kwa Doña Chea na mbaazi nyingine, akaketi sakafuni, akacheza na mtoto mama yake akitazama, na kesho yake nyumba ya pili, na hivyo ndivyo alivyozimaliza nyumba zote ishirini na tisa.

Katika mchezo huo alikuwa na ujanja wake. Mtoto akishazoea, akaanza kujibu kabla hata ya kutazama vizuri, Mama alikuwa akificha mbaazi moja kiganjani, mtoto anasema ziko tano, anainua kikombe, anakuta nne, anatafuta chini ya mkeka mpaka machozi yanamlenga, ndipo Mama anafungua mkono na kumwambia, "Usiniamini mimi. Ziamini mbaazi." Wengi wenu mlilizwa hivyo.

Tarehe 28 Desemba 1974 alifunga ndoa na Ulises Tejada, kinyozi, mtu mpole aliyefariki tarehe 9 Machi 2003, wakajaliwa watoto wawili, Leonte mwaka 1976 na mimi mwaka 1980. Na hapa nitasema jambo ambalo halijaandikwa kwenye karatasi hii. Mifuko ile niliishona mimi, tangu nikiwa na miaka tisa, na Mama alikuwa akirudi kutoka sakafu za watu, anavua viatu, anatia miguu kwenye beseni la maji, na kuomba asisemeshwe. Mimi sikuwahi kufunikiwa kikombe hata mara moja. Ningesema simlaumu, maana ndivyo isemwavyo msibani, lakini nilimlaumu miaka arobaini.

Tarehe 4 Februari 2022, akianua nguo, alipatwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukafa, maneno yakamvurugika, na namba zote zikampotea. Daktari alituambia bila kuficha kwamba maneno yanaweza kurudi, namba asizitarajie, na mkono ule hautashika tena hata kifungo cha shati. Mama aliniambia ana watoto wanne, akaniuliza wawili wako wapi, nilipomwambia tuko wawili tu akalia kama aliyefiwa. Nikaacha kazi ya ushonaji, nikatafuta mfuko mmoja uliobaki, na kila siku baada ya chakula cha mchana nikaketi naye mezani, nikaanza na mbaazi mbili.

Mwaka mmoja na miezi saba, ndugu zangu. Alirusha kikombe ukutani, nilikiokota, ziko siku nilimchukia na siku alinichukia, na mbaazi mbili zikawa tatu. Mwezi Machi mwaka huu nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza, "Mama, mimi mbona hukucheza nami?"

"Nilikuwa nimechoka, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nikifika kwako nimekwisha." Kisha akanisogezea kikombe. "Haya, funika."

Kufikia Agosti alizifikia kumi na mbili, lakini mimi ndiye niliyefunika na yeye ndiye aliyejibu, kufunika mwenyewe kulimshinda, na hilo ndilo alilolitaka kuliko dawa, akisema kabla hajafa atanipiga chenga hata mara moja. Jana Jumanne, tarehe 19 Septemba 2023, alikiomba kikombe mwenyewe, akaniambia nigeuke, nilipotazama nje kulikuwa na mbaazi saba. Nilikuwa hoi, nikamwambia acha ninywe kahawa kwanza. Akasema, "Nenda. Utanijibu ukirudi." Niliporudi, saa saba na dakika ishirini mchana, alikuwa ameegemeza kichwa kitini, amekwenda.

Niliketi nikamjibu ziko tano, kwa sababu mchezo hauishi kabla mtu hajajibu, nikainua kikombe, nikakuta nne. Nililia sana kwa hilo, nikaona daktari alisema kweli na yote ilikuwa kazi bure.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake waliotusindikiza kila hatua, majirani waliotuletea sahani zisizo na idadi, ambazo tutazirudisha, na hazitarudi tupu. Kwa namna ya pekee namshukuru Doña Chea, aliyemwosha Mama jana, akaniita chumbani nikamkuta ameushika mkono wa kushoto, ule uliokufa, umekunjwa ngumi, akaukunjua kidole kimoja kimoja, na ndani yake ilikuwamo mbaazi ya tano.

"Amekupiga chenga, binti yangu," akaniambia.

Tumeikunja ngumi ile tena kama alivyoiacha, anazikwa nayo. Mama, nimehesabu, ziko zote. Sasa vua viatu upumzike kwa amani, hakuna atakayekusemesha.