Bi Kamaria Mouhidine na Miiba Aliyotoka Nayo Majunga (1929–1988)

Wasifu huu umesomwa na mdogo wake, Daroueche Mouhidine, baada ya hitima ya siku ya tatu, Hombo, Mutsamudu, Jumamosi tarehe 12 Machi 1988. Umeandikwa kwa Kiswahili kwa heshima ya mashemeji waliofika kutoka Unguja. Wa hapa nyumbani watafasiriwa, na wasiofahamu wavumilie.

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba waridi na akaumba mbaruti, na katika yote mawili hakukosea.

Marehemu Bi Kamaria alizaliwa Jumatatu, tarehe 4 Machi 1929, mtaa wa Mahabibo, mjini Majunga, Bukini. Baba yake, Mzee Mouhidine Fakri, alikuwa mtu wa Hombo hapa hapa, aliyevuka bahari kutafuta riziki ya upishi. Mama yake, Bi Saoudat, alikuwa mzaliwa wa Badjanani, Moroni. Kwa hiyo tangu tumboni marehemu alikuwa na miji miwili, ingawa alifika umri wa bibi kabla ya kutia mguu katika hata mmoja.

Alisoma chuo cha Fundi Inzoudine na kuhitimu Kurani mwaka 1940, akiwa na miaka kumi na mmoja. Shule ya Kifaransa alikaa miaka miwili tu, akatolewa kumsaidia mama. Mwaka 1943 baba alipata kazi ya upishi kwa mhandisi mmoja Mfaransa kule Antsirabe, nyanda za juu, ambako asubuhi mtu hutoa moshi mdomoni bila kuvuta sigara. Kamaria akapewa kazi ya bustani. Humo ndimo alimokutana na mmea ambao Wafaransa wanauita artisho: jamaa ya mbaruti, majani ya kijivu yaliyochanikachanika, mrefu kumpita mtoto, na kichwani umebeba kitumba cha magamba chenye ukubwa wa ngumi. Mmea huo ukipandwa mara moja hukaa miaka. Ukikatwa hadi chini huchipuka, na ukipigwa na baridi hulala ukaamka.

Alijifunza kila kitu chake. Alijua kuchimba shimo la dhiraa moja na kulijaza samadi ya mbuzi na majivu, kupasua machipukizi kwa kisu mvua zikikatika, kila chipukizi na kipande chake cha mzizi, na kuyapanda hatua moja na nusu baina yao, maana mmea huu haupendi kubanwa. Alijua kwamba kitumba hukatwa kikiwa kimefumba, kikichelewa hakiliki. Na mke wa mtunza bustani alimfundisha siri ambayo hata wenye bustani hawakuijua: ua likiachwa lifunguke, zile nyuzi zake za zambarau zikikaushwa na kulowekwa katika maji ya vuguvugu hugandisha maziwa baada ya saa moja au mbili. Yaani pale Mzungu anapotupa, ndipo faida nyingine inapoanza.

Tarehe 17 Agosti 1948 aliolewa na Bwana Soulé Moindjié, fundi cherehani, Mngazija aliyezaliwa Unguja. Walijaliwa watoto wawili, Fakri mwaka 1951 na Chamsia mwaka 1959. Bwana Soulé alikuwa mpole kiasi kwamba wateja walimpangia wao wenyewe siku ya kumaliza nguo. Alifariki Majunga mwaka 1974, Mungu amrehemu.

Yaliyotokea Majunga Desemba 1976, watu wetu walipouawa, hayasomwi kwenye hitima. Waliokuwepo wanayajua, na wasiokuwepo wasiulize leo. Mwezi Januari 1977 marehemu na Chamsia walipanda ndege ya kuwarejesha watu Moroni, kila mtu na furushi moja. Wanawake wengine walishona dhahabu katika pindo za nguo. Bi Kamaria alishika birika, na ndani ya birika machipukizi saba ya artisho yaliyofungwa kitambaa kibichi. Mdogo wake, ambaye ndiye anayesoma karatasi hii, alisafiri kutoka Mutsamudu kumpokea, akafunua lile birika akitumaini chai. Alimwambia mbele ya watu kwamba watu wote wamekimbia na roho zao na yeye amekimbia na magugu. Maneno hayo anayajutia hadi leo.

Badjanani walipokewa, lakini kupokewa kuna namna. Waliokuja na ndege zile waliitwa Wasabena, kwa jina la shirika la ndege lililowaleta. Nyumba ya marehemu mama yake ilikuwa nusu haina paa, na hakuna aliyekumbuka vizuri Saoudat alikuwa binti wa nani. Bi Rahamatou, mkubwa wa wanawake wa mtaa, ambaye tunamshukuru kwa kuwa nasi leo na aliyeruhusu haya yasomwe, alimwita wakati ule "mtu wa ndege". Kwenye shughuli aliwekwa kwenye mkeka wa mlangoni, akapewa chakula baada ya wengine wote. Marehemu hakulalamika. Lakini usiku alimwambia binti yake kwamba mwanamke asiye na mkeka mjini hata akifa hatajulikana azikwe wapi, na kwamba jambo hilo moja tu ndilo linalomtisha duniani.

Nayo miche ilikataa Badjanani. Joto na chumvi viliifanya itoe majani matupu bila kitumba. Mei 1978 wakaja wale wazungu, askari wa kukodiwa wenye magwanda meusi, ambao kila mtu anawajua na karatasi hii haina haja ya kuwataja. Watu wengi walihama kwa hofu. Bi Kamaria alihama mwezi Julai kwa sababu ya artisho. Alikuja hapa Hombo kwa watu wa baba yake, akaomba kipande cha ardhi juu kabisa mlimani, penye ukungu na mawe, ambapo hata mbuzi hupanda kwa kufikiri mara mbili. Alipewa bila ubishi, maana hapakuwa na aliyepataka. Kwa miaka mitatu alipanda kule mara mbili kwa wiki, akachimba, akabeba samadi, akafunika mizizi kwa majani makavu ya mgomba. Mwaka 1981 yale machipukizi saba yalikuwa mashina tisini.

Siku aliyopika vitumba vya kwanza, kwa nazi na pilipili, aliwaita jamaa wote. Hakupata nafasi ya kueleza kwamba gamba halitafunwi, hukwanguliwa kwa meno ile nyama ya chini, na kilicho kitamu hasa ni moyo wake. Mdogo wake alitafuna gamba zima na mwiba wake, akameza kwa sababu ya heshima, akakaa siku mbili hazungumzi. Dada yake alisema hizo ndizo siku mbili bora alizozipata tangu arudi.

Sasa lisomwe kosa la msomaji. Katika ujana wake aliuza karafuu Unguja, akarudi na Kiswahili ambacho hapa nyumbani alikivaa kama kofia ya Idi. Watu walipomuuliza dada yake anapanda nini huko juu, naye amesahau lile jina la Kifaransa, alisema kwa kujiamini: kitisho. Jina likapendwa. Likashuka sokoni. Likawa Bi Kamaria ana kitisho mlimani, kisha Bi Kamaria ameficha vitisho mlimani, kisha ameficha vingapi. Siku ya Jumanne, mwezi Septemba 1981, gari la jeshi lilisimama chini ya mlima, wakapanda wazungu wawili na askari wetu wanne wenye bunduki, kutafuta silaha.

Walimkuta anapalilia. Mdogo wake alikuwa pale pia, nyuma ya mgomba, kwa sababu ambazo hazikuwa za kilimo. Mzungu aliyekuwa mkubwa wao alizunguka shamba, akachuchumaa, akakishika kitumba, akacheka peke yake. Kisha akasimama na kusema kwamba shamba lote hili kuanzia leo ni la meza yake, mtu yeyote asiguse hata kitumba kimoja, na vikiwa tayari atakuja mwenyewe. Akamuuliza vitakuwa tayari lini. Bi Kamaria alimtazama mikono, akaona ni mtu wa sahani, si mtu wa shamba. Alimjibu kwa Kifaransa chake cha bustanini kwamba vikifunguka, ndipo vimeiva.

Siku zile zilizofuata mdogo wake hakula. Alimsihi avikate vyote ampelekee yule bwana kabla mambo hayajaharibika. Yeye alikataa. Chamsia alikuwa ameposwa Moroni na Mouigni, mpwa wa Bi Rahamatou, na kwa wageni wa Unguja jambo hili lazima lielezwe: huko Ngazija, kisiwa chenye Moroni, mama anayeoza binti huwalisha wakubwa wa mji wali kwa maziwa ya kuganda. Maziwa yakiwa maji, au yakiwa machachu ya kukunja uso, nyumba hiyo itasemwa mpaka wajukuu waote mvi. Bi Kamaria alizitaka zile nyuzi za zambarau, na alizitaka zote.

Mwezi Oktoba yule bwana alirudi na makapu. Alikuta shamba zima limefunguka, zambarau tupu kutoka jiwe hadi jiwe, nyuki wanavuma, na hakuna kitumba hata kimoja cha kutia mdomoni. Hapo alielewa. Alimsogelea uso wake umeiva. Marehemu hakurudi nyuma.

"Bwana, uliniambia nisiguse," alisema. "Sikugusa."

Askari wetu wanne walitazama baharini kwa makini sana. Yule mkubwa alitoa amri kila shina likatwe hadi ardhini, na likakatwa. Kisha wakashuka, wakaenda zao. Mdogo wake alitoka nyuma ya mgomba analia, akamkuta dada yake anaokota maua na kuyatandika juani, anaimba. Artisho ikishatoa maua hukatwa hadi chini kila mwaka ili ichipuke upya. Ilikuwa kazi ya siku nne, na jeshi lilimfanyia kwa saa moja, tena bila kudai hata maji ya kunywa.

Harusi ilikuwa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1982, Badjanani, katika nyumba ya Bi Saoudat iliyoezekwa upya. Maziwa yalipaswa kushuka kutoka mashambani siku tatu kabla, yagande taratibu kama desturi. Gari liliharibika njiani mlimani. Yalifika asubuhi ya harusi yenyewe, masufuria sita, mabichi, na wakubwa wa mji wangeketi mara baada ya sala ya Adhuhuri. Bi Rahamatou alisema mbele ya wote kwamba heri wali wa nazi na aibu ndogo kuliko kungojea muujiza. Bi Kamaria aliomba maji ya vuguvugu. Akatoa mfuko wake, akaloweka zile nyuzi mpaka maji yakawa kahawia, akayachuja kwa kitambaa, akatia kila sufuria kipimo chake, akafunika, akakataza mtu yeyote kufunua. Bi Rahamatou naye alikatazwa, jambo ambalo halikuwa limewahi kumtokea.

Muadhini alipoanza kuadhini, Bi Kamaria alifunua. Alichota bakuli moja, akampa Bi Rahamatou, na yule mama, kwa kutoamini, akalipindua juu ya kiganja chake. Hakikudondoka kitu. Alionja, akaonja tena. Kisha akamshika mkono, akampitisha katikati ya wanawake wote, akamkalisha kichwani mwa mkeka.

"Kamaria, maziwa yako yameganda," alimwambia. "Na wewe sasa ganda hapa hapa."

Marehemu alilia siku ile. Hakuna aliyewahi kumwona akilia, hata Majunga.

Tangu hapo Moroni na Mutsamudu zilimgawana. Mafungu madogo ya nyuzi zake yalionekana sokoni Volo Volo, Moroni, na kila harusi kubwa ya Badjanani iliyofuata ilisimamiwa na yeye kwenye masufuria. Machipukizi aliyagawa kwa kila aliyekuwa na shamba la juu, kwa sharti la kumsikiliza anavyoeleza, ambalo lilikuwa refu. Majani aliyachemsha kwa ajili ya ini, na wengi mlioketi hapa mmeyanywa kwa kulazimishwa. Yalikuwa machungu kama dawa ya malaria, naye alisimama pale pale hadi kikombe kiishe.

Mwaka 1984 aligunduliwa kuwa na sukari. Aliacha asali, hakuacha mlima. Novemba 1987 miguu ilianza kuvimba, na tarehe 20 Februari mwaka huu alilazwa hospitali hapa Hombo. Alifariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 9 Machi, mkono wake ndani ya mkono wa Chamsia, akiwa na miaka hamsini na tisa na siku tano.

Habari zilipigwa simu Moroni kupitia posta. Kabla ya saa tatu jibu lilirudi kwamba msizike, tunakuja kumchukua, mama yake ni wa Badjanani na binti yake ana nyumba Badjanani. Wazee wa Hombo walijibu kwamba baba yake ni wa hapa, na jasho lake liko hapa mlimani. Moroni wakapiga tena. Wazee wakajibu tena, kwa sauti ambayo haikuhitaji simu. Hatimaye kadhi aliamua azikwe alipofia, na alizikwa baada ya sala ya Alasiri. Alhamisi Bi Rahamatou alishuka kwenye boti, umri wake na bahari vimemchosha, akasimama mlangoni hapa na kumwambia mdogo wa marehemu: "Mmetuzikia mtu wetu." Mwanamke aliyeogopa kwamba hatajulikana azikwe wapi ameingia kaburini huku miji miwili ikimgombea, na mdogo wake hajui ushindi mkubwa kuliko huo.

Marehemu ameacha mtoto wa kiume, Fakri, aliyeko Marseille; mtoto wa kike, Chamsia, na mkwe, Mouigni; wajukuu watano; mdogo mmoja, Daroueche; na mashemeji wa Unguja. Bi Rahamatou ameomba aandikwe miongoni mwa dada zake, na ameandikwa.

Mola ampanulie kaburi lake, alitie nuru, na ampumzishe katika amani ya waja wake wema. Amina.